Nani ananusa? Neno la Kiingereza «stink» mbele ya mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yametokana na karatasi moja ya mtihani. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kusahihisha mtihani wa tafsiri, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lisansi. Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi. Kilizungumzia mji wa viwanda wa Uingereza katika karne ya 19: moshi, mvua, nyumba zilizobanana, na mwishoni neno «stink», ambalo mwandishi alilitumia kwa mtaa wa wafanyakazi. Wanafunzi wengi waliandika «uvundo». Mmoja akaandika «harufu» tu, bila kivumishi chochote. Nilimkata alama tatu, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu ya kuwa neno ni dhaifu na kwamba kamusi haikufunguliwa.

Siku mbili baadaye mwanafunzi huyo, binti wa Katuba, alikuja na karatasi yake mkononi. «Bwana Asistanti,» akasema, «kamusi niliifungua.» Akaeleza kwamba mama yake anauza makayabo na ndakala sokoni, na kwamba amekulia kati ya magunia hayo. «Wageni wakipita wanasema pananuka. Sisi wa pale tunasikia harufu ya samaki. Sasa huyu mwandishi, alikuwa mgeni ama mwenyeji?» Nilimjibu upesi, kama wasaidizi wanavyojibu wanapokosa jibu, kwamba mtihani haukuuliza jambo hilo. Akashukuru, akatoka. Swali lake lilibaki ofisini, na ndilo ninalojaribu kulishughulikia hapa, kwa sababu naona ya kwamba linagusa si alama tatu tu bali desturi yetu nzima ya kufundisha tafsiri.

Tutazame kwanza historia ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi «stincan» hakikuwa na aibu yoyote. Kilimaanisha kutoa harufu, iwe njema, iwe mbaya. Ua liliweza kufanya, kwa kitenzi hicho, jambo lile lile linalofanywa na mzoga. Jina lake «stenc», ambalo siku hizi limekuwa «stench», lilikuwa hivyo hivyo. Tena kitenzi hicho kilitumiwa hata kwa vumbi linalopanda angani. Katika Beowulf, utenzi mkubwa wa lugha hiyo, kuna mahali ambapo joka linatenda kitendo hicho kando ya mwamba, na mabingwa hawajapatana mpaka leo iwapo joka lile linanusa ama linakwenda mbio. Neno ambalo halijulikani kama ni la pua au la miguu ni neno ambalo bado lina nafasi pana.

Nafasi hiyo ilipungua. Neno «smell» linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 12, na asili yake haijaonyeshwa kwa yakini. «Odour» lilikuja pamoja na Kifaransa cha watawala wapya, na baadaye yakafuata «perfume» na «fragrance». Kadiri wageni hawa walivyokalia viti vya mbele, «stink» lilisukumwa nyuma, jikoni, zizini na chooni, mpaka maana njema ikalitoka kabisa. Kijerumani na Kiholanzi, ambavyo vina kitenzi hicho hicho, vilipitia njia hiyo hiyo. Wanaisimu wana jina la jambo hili: kushuka kwa maana. Lakini jina hilo linaficha kidogo kile kilichotokea. Neno halikushuka lenyewe, bali watu walioketi juu ndio walioshuka nalo, wakaliacha huko chini pamoja na wale waliokuwa wakilisema.

Jirani yake «reek» lina historia inayofanana, nayo inafaa kutajwa kwa sababu ni mtego kwa mfasiri. Asili yake ni moshi. Mji wa Edinburgh bado unaitwa kwa utani «Auld Reekie», kwa ajili ya moshi wa mabomba ya nyumba zake za zamani. Shakespeare, katika soneti yake ya 130 iliyochapishwa mwaka 1609, anatumia kitenzi hicho kwa pumzi ya mpenzi wake. Msomaji wa leo hucheka, akidhani kwamba bibi huyo alinuka vibaya. Wataalamu wanatuonya kwamba wakati ule neno liliweza kumaanisha kutoka tu, kama mvuke unavyotoka chunguni, na kwamba maana mbaya ilikuwa bado haijakaza mizizi. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika «inanuka» atakuwa amemtukana mwanamke yule kwa tusi ambalo pengine mshairi hakulikusudia, na mfasiri atakayeandika «inanukia» atakuwa ameua mzaha, maana soneti ile yote ni mzaha juu ya washairi wanaowasifu wapenzi wao kupita kiasi. Mimi ningeandika «inafuka». Sisemi kwamba ni jibu zuri. Nasema kwamba linaacha mlango wazi pale ambapo Shakespeare aliuacha wazi.

Sasa tugeuke upande wa Kiswahili, maana hapa ndipo kamusi zinapotupoteza. Mwanafunzi anayetafuta «stink» anapata majibu yale yale, aanze upande wowote: kunuka, uvundo, harufu mbaya. Sina ugomvi na mabingwa waliotutangulia. Johnson mwaka 1939, Sacleux katika miaka ile ile, Lenselaer mwaka 1983, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1996, wote wametufanyia kazi ambayo hatutaweza kuilipa, na ofisini kwetu vitabu vyao vimechakaa kwa kushikwa. Lakini kamusi ya lugha mbili inaoanisha neno na neno kama mshenga mwenye haraka, bila kuuliza tabia za wanaooana. Na tabia za hawa wawili hazilingani.

Kitenzi -nuka ni cha asili ya Kibantu. Wabemba, tunaoishi nao mitaa ile ile mjini Lubumbashi, wanacho katika umbo la -nunka. Katika Kiswahili sanifu kitenzi hicho kikiachwa peke yake huelekea ubaya: kusema «ananuka» ni kutukana, hakuna haja ya kuongeza neno. Lakini lugha haikukata kamba. Ukikiongezea kiambishi cha kutendea, kinapata uzuri mara moja: chakula kinanukia, asumini inanukia, bibi arusi ananukia udi. Kuna hata kiambishi cha kale -to, chenye maana ya wema, ambacho leo hakitumiki tena kwa uhuru lakini kimebaki ndani ya neno «manukato» kama jiwe la msingi ndani ya ukuta. Kwa hiyo mzizi mmoja unabeba uvundo na marashi pamoja, na tofauti iko katika mkia wa neno. Kiingereza kilihitaji kuingiza maneno ya kigeni ili kutenga njema na mbaya. Kiswahili kilifanya kazi hiyo kwa silabi moja. Nyumbani kwetu, ambako Kiswahili hakikulelewa na vitabu, utasikia hata «inanuka muzuri», na hakuna anayeona kwamba maneno hayo mawili yanapigana. Mwalimu wa sarufi atasahihisha. Mwanahistoria wa lugha atakumbuka «stincan» na kunyamaza kidogo kabla ya kusahihisha.

Kuna tofauti ya pili, nayo naona ni kubwa zaidi. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza, «smell», kinafanya kazi tatu: mtu anasogeza pua, mtu anapatwa na harufu, kitu kinatoa harufu. Kiswahili kinazigawa kazi hizo kwa vitenzi vitatu: tunanusa, tunasikia harufu, kitu kinanuka. Waingereza wana kisa kinachosimuliwa sana juu ya Samuel Johnson, yule wa kamusi ya mwaka 1755, ingawa hakuna ushahidi kwamba kilitokea kweli. Bibi mmoja alimwambia kwamba ananuka, akitumia «smell». Mzee akamsahihisha kwamba bibi ndiye anayenusa, na yeye ndiye anayenuka, yaani «stink». Kisa hiki hakitafsiriki kwa Kiswahili, kwa sababu bibi wa Kiswahili asingekosea tangu mwanzo. Wanafunzi wetu hukosea hapa kwa sababu nyingine: wanapita kwanza kwenye Kifaransa. Kichwani mwao Kiingereza kinageuzwa kuwa «sentir», na «sentir» nacho kinakusanya kuhisi, kunusa na kutoa harufu katika kapu moja. Nimeona karatasi ambamo mto wa London «unasikia vibaya», kana kwamba ni mgonjwa wa masikio.

Tofauti ya tatu ni ya majina. Kiswahili cha pwani kinapenda kutaja harufu mbaya kwa asili yake. Shombo au vumba ni ya samaki, kikwapa ni ya makwapa, kutuzi ni ya jasho la mwili, uvundo ni wa kitu kilichovunda. Ukilisikia neno unajua pa kwenda kutafuta. Kiingereza hakigawi hivyo. Kinagawa kwa ukali na kwa cheo cha msemaji. «Stink» ni neno la mtu asiyejali adabu, «stench» ni la mwandishi anayetaka tutetemeke, «odour» ni la daktari na mkaguzi wa afya, «malodorous» ni la mtu anayetaka kuchekesha kwa kujifanya mpole. Samaki yule yule anaweza kupita katika maneno yote manne bila kuoza zaidi. Ndiyo kusema Kiswahili kinauliza: kimetoka wapi? Na Kiingereza kinauliza: nani anasema, na kwa watu gani? Kamusi inayoweka alama ya usawa kati ya «stench» na «uvundo» inajibu swali la kwanza na kulisahau la pili.

Hata hivyo kuna mahali ambapo uvundo ndio neno lenyewe hasa, nami sitaki msomaji adhani kwamba nalikataa popote. Katika majira ya joto ya mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata shughuli za London zikayumba. Waingereza wameliita tukio hilo «the Great Stink», na mimi nalitafsiri bila wasiwasi Uvundo Mkuu, maana palikuwa na kitu kilichovunda kweli. Vyoo vya kumwagia maji vilikuwa vimeenea majumbani, na uchafu ambao zamani ulikaa mashimoni sasa ulisukumwa moja kwa moja mpaka mtoni, mto ambao watu wengi walikunywa maji yake. Joto la mwezi wa Juni likafanya lililobaki. Jengo jipya la Bunge lilikuwa kando ya maji. Mapazia yake yaliloweshwa kwa kloridi ya chokaa, nao wabunge wakafikiria kuhama. Mwanzoni mwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule sheria ilikuwa imepitishwa, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa uwezo wa kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ambayo London inaitumia mpaka leo.

Jambo la kushangaza ni kwamba walifanya lililo sawa kwa sababu isiyo sawa. Wakuu wengi wa afya wa siku zile, Edwin Chadwick akiwa mbele yao, waliamini kwamba harufu mbaya ndiyo ugonjwa wenyewe, na kwamba kipindupindu huingia mtu kupitia puani. Daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1854, kwa pampu ya maji ya Broad Street, kwamba hatari iko katika maji ya kunywa, lakini wachache walimsikiliza. Na angalia: katika kiangazi kile cha Uvundo Mkuu hakukutokea mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Mlipuko ulikuja mwaka 1866, mashariki mwa mji, mahali ambapo mifereji mipya ilikuwa bado haijakamilika. Sisi wa Kongo, ambao tunakijua kipindupindu si kwa vitabu tu, muulize mtu yeyote wa Kalemie, tunaelewa kwamba maji ya kuua yanaweza kuwa maangavu na yasiyo na harufu yoyote. Imani ile ya pua imekufa katika tiba, lakini imebaki katika lugha: neno «malaria», tunalolitamka kila juma, ni la Kiitaliano na lilimaanisha hewa mbaya.

Nimekaa juu ya habari hizi kwa sababu zinaonyesha uzito ambao neno «stink» lilibeba katika karne ya 19. Mwingereza wa wakati ule aliposema kwamba mtaa fulani unanuka, hakusema tu kwamba hapendezwi. Alisema kwamba mtaa ule unaua. Na kutoka mtaa kwenda kwa watu wa mtaa ni hatua fupi sana. Alain Corbin, katika kitabu chake Le miasme et la jonquille cha mwaka 1982, ambacho wasomaji wetu wa Kifaransa wanaweza kukipata kwa urahisi zaidi kuliko vitabu vya Kiingereza, ameeleza jinsi matajiri wa Ufaransa walivyojifunza katika karne ya 18 na ya 19 kujitenga na maskini kwa njia ya pua.

Kwa kweli hatua hiyo ni ya zamani zaidi. Katika Julius Caesar, mchezo ambao Nyerere aliutolea tafsiri ya Kiswahili mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, kuna Casca anayesimulia jinsi umati ulivyoshangilia Kaisari alipokataa taji. Anazitaja pumzi zao zinazonuka, anasema zilimlemea Kaisari hata akaanguka, na kwamba yeye mwenyewe aliogopa kucheka asije akaimeza hewa ile. Coriolanus naye, katika mchezo wenye jina lake, anapofukuzwa na watu wa Roma, analinganisha pumzi zao na mvuke wa vinamasi vilivyooza. Shakespeare mwenyewe hasemi kwamba umati unanuka. Casca ndiye anayesema, na kwa kusema hivyo anatuambia yeye ni mtu wa namna gani. Hapa mfasiri anahitaji neno kali, lisilopunguzwa makali. Akilainisha, Casca anageuka kuwa muungwana, na mchezo unapungukiwa na kiungo.

Mwandishi aliyeliweka jambo hili wazi kuliko wote ni George Orwell, ambaye Waswahili wanamfahamu kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Katika The Road to Wigan Pier, kitabu cha mwaka 1937 juu ya wachimba makaa wa kaskazini mwa Uingereza, Orwell anaeleza kwamba watoto wa tabaka lake walilelewa katika imani kwamba watu wa chini wananuka. Anasema waziwazi kwamba suala si kama ni kweli. Suala ni kwamba imani hiyo iliingizwa mapema, kabla ya akili kupata nguvu za kuikataa, na kwamba unaweza kushinda tofauti ya dini au ya elimu kwa urahisi kuliko kushinda chuki ya mwili. Kuna wasomaji waliomlaumu kana kwamba alisema mwenyewe kuwa wafanyakazi wananuka. Walisoma neno, hawakutazama mdomo uliolitoa. Ni kosa lile lile ambalo mfasiri hulifanya kwa kalamu.

Na tusidhani kwamba ni habari za Waingereza wa kale peke yao. Mwaka 1991, huko Orléans, Jacques Chirac, aliyekuwa meya wa Paris na baadaye rais wa Ufaransa, alizungumzia kelele na harufu za familia za wahamiaji mbele ya mfanyakazi Mfaransa anayeishi jirani nao. Alitumia jina la kawaida kabisa, «odeur», wala hakusema «puanteur». Ubaya haukuhitaji neno kali. Msikilizaji aliujaza mwenyewe, kama sisi tunavyoujaza tunaposema «ananuka».

Matumizi ya mfano nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa hayana taabu nyingi. Kwa Kiingereza mtu anaweza kunuka pesa, jambo linaweza kunuka kwa udanganyifu, mwenye kulalamika huinua «stink», na anayeishusha bei ya mali yake mwenyewe kwa mdomo wake husemwa kuwa anatangaza samaki wanaonuka. Wanafunzi wa shule za kulipia za Uingereza waliliita somo la kemia «stinks». Mafundi wa Afrika ya Kusini wana mti wa thamani kubwa kwa meza na makabati ambao umebaki na jina la «stinkwood», kutoka Kiholanzi, kwa ajili ya harufu yake unapokatwa, wala jina halikupunguza bei. Kiswahili kina njia zake. Tunanusa hatari kabla haijafika. Watanzania husema «kimenuka» fujo inapoanza. Na methali ya kwamba mavi ya kale hayanuki inatosha kufunga kesi iliyochoka. Anayetafsiri «stinking rich» asitafute kunuka hata kidogo, aandike tajiri wa kupindukia na kuendelea. Katika sarufi tu nataka kukumbusha jambo moja linalosahauliwa: kitenzi chetu hakihitaji kihusishi. Tunasema ananuka pombe, nguo inanuka moshi. «Ananuka ya pombe» ni Kifaransa kilichovaa kitenge.

Turudi basi sokoni. Yule binti alikuwa na haki kwa nusu. Makayabo yana harufu kali, na kali si lazima iwe mbaya. Mihogo iliyolowekwa majini siku tatu kabla ya kukaushwa na kusagwa ina harufu ambayo mgeni huikimbia, na mwenye nyumba anapoisikia anajua kwamba unga wa bukari uko njiani. Hakuna mama wa Katuba anayeliita jambo hilo uvundo, wala hawezi kuliita, kwa sababu kwa neno hilo chakula chake kingekuwa kimeharibika. Kuandika «uvundo» kwa kila «stink» ni kumlazimisha Mswahili aseme kwamba kitu kimeoza, wakati Mwingereza alisema tu kwamba yeye hakukipenda. Wanafunzi wale wengi, ambao niliwapa alama kamili, walikuwa wameongeza habari isiyokuwamo katika kifungu.

Lakini kwa nusu nyingine alikosea, nami naona ni lazima niseme hivyo, maana huruma si kanuni ya tafsiri. Mwandishi wa kifungu hakuandika «smell». Alilichagua neno lenye dharau, na dharau yake ni sehemu ya ushuhuda. Ukiitafsiri kwa «harufu» tupu umemsafisha. Msomaji wa Kiswahili hatajua kamwe kwamba mtu yule alipita katika mtaa wa wafanyakazi akiwa ameziba pua. Mama wa sokoni hatapata faida yoyote kwa kufichwa kwamba alitukanwa. Mara nyingi tunadhani tunawatetea watu wetu tunapolainisha maneno ya wakubwa, kumbe tunawatetea wakubwa.

Ningependekeza nini? Katika kifungu kile ningeandika kwamba mtaa «ulimnukia vibaya mpita njia», ama, kama sentensi hairuhusu, «mtaa ule uliosemwa kuwa unanuka». Najua kwamba njia ya kwanza inakikunja kitenzi -nukia kwa namna ambayo wazee wa pwani hawataipenda, kwa kuwa masikio yao yamezoea kukisikia katika mambo mema tu. Nakubali lawama hiyo. Faida yake ni kwamba inamweka mnusaji ndani ya sentensi, mahali ambapo Kiingereza kilimficha. Penye samaki, na tuliazime «shombo» la pwani, ambalo halijulikani sana mitaani kwetu lakini halina kosa. Penye maji machafu, uvundo. Penye mtu anayemdharau mwenzake, kunuka, bila kupunguza, na jina la msemaji liwe karibu. Na katika orodha ya maneno ambayo idara yetu inaitayarisha kwa ajili ya wanafunzi wa tafsiri, ambao mahitaji yao ya Kiingereza yameongezeka tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, naomba kila neno la harufu lifuatwe na mfano mmoja unaoonyesha nani anasema.

Nilimwita yule binti kabla ya matokeo kubandikwa. Nilimrudishia alama mbili kati ya tatu. Akauliza ya tatu imekwenda wapi. Nikamwambia kwamba hiyo ni ya mwandishi, ambaye alitaka kuonekana jinsi alivyo naye akamfunika. Alifikiri kidogo, akasema kwamba basi na mimi niwapunguzie wale wa uvundo. Nimekwisha kupeleka alama kwa katibu wa jopo, nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli.